Mvua, giza na taa moja: kupiga picha mitaa ya Tanga wakati wa masika

Masika yakianza, kuanzia Machi mpaka Mei, kamera nyingi hapa Tanga huingia kabatini. Mpigapicha aliyezoea jua la saa tatu asubuhi anaona hana kazi mpaka mawingu yaondoke. Mimi huo ndio msimu ninaoungoja. Taa za mitaani kwetu ni chache, na mvua ndiyo inayoziongeza: lami ikilowa, taa moja ya dukani inakuwa mbili, na dimbwi likituama kando yake zinakuwa tatu.

Mchana napiga picha za paspoti kwenye kibanda changu Ngamiani, na mwisho wa wiki harusi. Za mitaani nazipiga jioni na usiku, hazina mteja, na ndizo ninazozipenda kuliko zote. Natumia kamera ya kawaida yenye lenzi ya milimita 50, na mara nyingi simu tu. Haya ninayoyaeleza unaweza kuyajaribu leo leo, ikinyesha.

Tafuta taa kwanza, mtu baadaye

Wengi wakitoka usiku hutafuta mtu wa kumpiga, wakishampata ndipo wanaanza kuhangaika na mwanga. Geuza mpangilio huo. Tembea mtaa mzima kamera ikiwa imefungwa, uangalie taa tu. Kila taa jiulize inaangukia nini, na anayepita atakanyaga wapi mwanga huo. Ukishaichagua moja, simama hapo na usihame kwa urahisi.

Mahali pa kusimama pana kanuni yake: taa iwe mbele yako au ubavuni, isiwe mgongoni. Mvua haionekani kwenye picha ikimulikwa kutoka upande wa kamera. Tone la maji linaupinda mwanga na kuusukuma mbele, kwa hiyo ukisimama upande wa pili, mvua ikiwa katikati yako na taa, kila tone linang'aa. Nyuma ya mvua pawe na giza: mlango uliofungwa, ukuta mweusi kwa unyevu, au anga lenyewe. Mvua ileile mbele ya ukuta mweupe hupotea kabisa. Balbu yenyewe ifiche nyuma ya nguzo, ukingo wa bati au kichwa cha mtu, la sivyo pale ilipo patakuwa doa jeupe na picha itaungua.

Chukua kibanda cha chipsi, maana kiko kila mtaa. Ndani ya kabati la vioo kuna balbu inayomulika viazi na mishikaki. Karai liko pembeni linatoa mvuke, na mvua ikileta ubaridi mvuke huo unakuwa mzito zaidi. Juu kuna bati, na kwenye ukingo wa bati matone yamejipanga yakisubiri kudondoka. Ukisimama mbele kama mteja utapata picha ya muuza chipsi na kabati lake, basi. Zunguka mpaka kabati liwe kati yako na mtu anayesubiri chakula. Sasa mwanga unapita kwenye kioo chenye mafuta na mvuke, unamfikia usoni kwa upande mmoja tu, na yale matone ya bati yanawaka juu ya kichwa chake. Sogea hatua moja kushoto, moja kulia, uone mvuke unavyompita. Mimi huweza kukaa kwenye kibanda kimoja mpaka viazi viishe.

Na kukaa kuna faida nyingine. Watu wakikuona umesimama, wamekuzoea, hawakushangai tena. Muuza kahawa mmoja wa barabara za ndani huku Ngamiani hukaa barazani na dele lake juu ya makaa, na wazee wanajikinga mvua naye. Nilipomwendea mara ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo baba." Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Mvua yote hii na kamera, unatafuta nini?" Nikamwambia ni makaa yake, namna yanavyomulika mikono yake anapomimina. Akacheka, akasema, "Basi kaa kwanza unywe, makaa hayaendi popote." Nikanywa, nikala kashata, nikawasikiliza. Nilipoinua kamera hakuna aliyejitengeneza wala kugeuza uso. Mikono ile nimeipiga kwa sekunde 1/30 (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga) na ISO 6400 (kiwango cha kamera kuuitikia mwanga), na nyuso za wazee zimebaki kwenye giza isipokuwa ukingo wa kofia zao. Ukitaka nyuso zote zionekane, hiyo siyo picha ya makaa tena.

Saa yenyewe

Kwetu pwani, karibu na Ikweta, jua halichelewi kuzama. Tanga linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, kutegemea mwezi, na baada ya hapo una kama dakika ishirini tu za anga la buluu kabla giza halijakaza. Saa ya kuniambia nimeshaipata: adhana ya Magharibi. Ikiadhiniwa, uwe umeshafika kwenye taa yako na umeshapanga namba zako. Robo saa baadaye mwanga wa anga na wa balbu za maduka unakaribiana, na kamera inaweza kuvibeba vyote viwili kwa pamoja. Ikikaribia Isha, anga limekuwa jeusi na kazi ni ya taa peke yake.

Mawingu mazito hufanya saa hiyo ianze mapema. Siku ambayo wingu limefunga kabisa, toka saa kumi na moja na nusu.

Ukitaka kuanzia bustani ya Jamhuri, pale penye mnara wa saa wa enzi za Mjerumani, kumbuka kwamba ukiitazama bahari umeelekea kaskazini. Jua linazama kushoto kwako, upande wa nchi kavu. Wakati wa masika upepo wa kusi nao mara nyingi unakupiga mgongoni, kwa hiyo kioo cha lenzi hakilowi haraka. Ukigeuka kuutazama mji, utapangusa lenzi kila mara.

Namba za kuanzia

Kama una kamera, zima fleshi. Mwanga wake unayakuta matone yaliyo karibu na lenzi kabla ya kumfikia mtu, na picha inajaa mapovu meupe. Halafu weka tundu la lenzi wazi kadiri linavyoweza; linapimwa kwa namba ya f, na namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Lenzi ya milimita 50 ya f/1.8 ndiyo ningemshauri kila anayeanza, maana ile inayokuja na kamera, ukiivuta mpaka milimita 50, tundu lake huwa karibu f/5.6. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara tisa ya mwanga. Hakuna pesa nyingine utakayotumia ikakupa kiasi hicho.

Kwenye kabati la chipsi anza na sekunde 1/125, f/1.8, ISO 1600. Barabarani penye taa moja kwa mbali, shuka mpaka 1/60 na upandishe ISO 3200. Chenga, zile punjepunje za picha ya gizani, zitakuwepo. Usiziogope: picha yenye chenga inatazamika na inachapika, lakini iliyotikisika bila wewe kutaka haina dawa. Kwa kushika mkononi, usishuke chini ya sekunde moja gawanya kwa milimita za lenzi yako, yaani kwa lenzi ya 50 ni kama 1/50, mpaka utakapopata kitu cha kuegemea. Nguzo za varanda za maduka ya zamani mjini zinafaa sana: bana kiwiko kwenye nguzo, toa pumzi, bonyeza.

Kamera ikiachiwa iamue yenyewe hudhani giza ni kosa. Itapandisha mwanga mpaka usiku uonekane kama alasiri ya mawingu, na taa zote ziungue. Punguza mwanga kwa hatua moja, hata mbili (kila hatua inaupunguza kwa nusu). Halikadhalika rangi: ukiiacha kamera ijichagulie, mara nyingi inapunguza njano ya balbu, na njano hiyo ndiyo usiku wa Tanga. Mimi huweka rangi ya mwanga kati ya kelvini 3200 na 4000 nikaacha hapo, na nahifadhi faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, ili nikitaka kurekebisha nyumbani niweze.

Kuna kitu kinawasumbua wengi: mistari ya giza inayokatiza picha chini ya taa za mirija na baadhi ya balbu za LED. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa hizo mwanga wake unapanda na kushuka mara 100 kila sekunde. Kasi kubwa ya kamera inauchukua mwanga ukiwa katikati ya kushuka. Weka 1/50 au 1/100, mistari mingi inaondoka.

Fokasi gizani huyumba. Usiielekeze kwenye uso wenye kivuli. Ielekeze mahali ambapo mwanga na giza vinakutana kwa mstari mkali, kama ukingo wa kabati au kishikio cha baiskeli. Au fanya ninavyofanya: chagua alama chini, tuseme mfuniko wa mtaro, ukaze fokasi hapo, uifunge, kisha umngoje mtu aukanyage.

Kwa simu, gusa sehemu yenye mwanga na ubonyeze kwa muda mpaka ijifunge, halafu shusha mwanga kwa kidole. Modi ya usiku inaunganisha picha kadhaa kuwa moja, kwa hiyo ni nzuri kwa majengo na madimbwi, lakini mtu anayetembea huyeyuka. Ukitaka mtu, izime. Skrini ikilowa haisikii vidole, tumia kitufe cha sauti kupigia. Na kabla ya yote futa kioo cha kamera ya simu, kwani mafuta ya vidole yanaitapanya kila taa.

Kuipima mvua na baiskeli

Hapa ndipo penye raha ya kujaribu. Tone kubwa la mvua linaanguka kwa kasi ya mita 8 au 9 kwa sekunde. Kwa shata, yaani kasi ya kamera kufunguka na kufunga, ya 1/500 linasogea chini ya sentimita mbili, kwa hiyo utaona vitone. Kwa 1/60 linasogea kama sentimita 14, na hapo unapata mistari, ile mvua ambayo mtu akiitazama picha anaisikia. Kwa sekunde nzima mvua inatoweka, inabaki barabara inayong'aa na ukungu mwepesi. Simama mahali pamoja, taa ileile, upige kwa kasi zote tatu, halafu uziweke picha pamoja uzitazame. Utajua mara moja ipi ni mvua yako. Yangu ni 1/60.

Tanga ni mji wa baiskeli, na mvua haiwazuii waendeshaji. Subiri mmoja anayepita mbele yako ubavu kwa ubavu, si anayekujia. Weka 1/20. Mpate kwenye kioo cha kamera akiwa bado mbali, mfuate kwa kuzungusha kiuno, si mikono, na ubonyeze anapofika mbele yako huku ukiendelea kumfuata hata baada ya kubonyeza. Yeye atatulia, na nyuma yake taa za maduka zitavutika kuwa mikanda mirefu. Picha nyingi zitaharibika na ndivyo inavyokuwa kwa kila mtu. Ninazozitafuta ni zile ambazo mtu ameshika usukani kwa mkono mmoja na mwamvuli kwa mwingine, gurudumu la mbele limerusha maji, na uso wake umekaa sawasawa. Baiskeli zenye dinamo zina uzuri wa ziada, kwani taa ya mbele inachora mstari wake chini kwenye maji.

Madimbwi yanataka uiname. Simu igeuze juu chini, kamera yake iwe karibu kabisa na maji, na mji mzima utaingia kwenye dimbwi la upana wa beseni. Usiku unaofuata mvua, upepo ukitulia, ndio mzuri zaidi kwa hili kuliko mvua yenyewe ikinyesha, maana matone huvunja taswira.

Kupitia kioo

Mvua ikizidi, ingia ndani na uendelee kupiga. Mmarekani Saul Leiter, aliyezaliwa 1923 na kufariki 2013, alipiga picha za rangi za New York kwa miaka mingi, nyingi katika mitaa ya karibu na alipoishi, kupitia vioo vyenye mvuke, mvua na theluji. Mtu ndani yake mara nyingi ni doa jekundu la mwamvuli tu, na bado unajua ni mtu na anakwenda nyumbani. Kila nikizitazama naiwaza daladala.

Daladala ikijaa wakati wa mvua, madirisha yakafungwa, vioo vinapata mvuke kwa pumzi za abiria. Kaa dirishani. Fokasi iweke kwenye matone ya kioo, siyo nje, kisha ngoja taa za bajaji zipite, au kanga yenye rangi kali ya mtu aliye kituoni. Kwa simu gusa tone lenyewe. Halafu pangusa kwa kidole tundu dogo, ujaribu kuweka kilicho nje ndani ya tundu hilo. Bajaji nazo wakishusha nailoni za pembeni zinafanya kazi hiyohiyo, tena nailoni ile ina mikunjo inayozikata taa vipandevipande. Mwombe dereva, "Kaka, nisaidie dakika mbili tusimame hapa kwenye taa," na umlipe muda wake.

Umeme ukikatika

Usirudi nyumbani. Mtaa mzima ukizima, zinabaki kandili, tochi za simu, taa za sola na mataa ya pikipiki. Kila chanzo kinamulika kitu kimoja tu, na hiyo ndiyo nafasi ya kupata uso mmoja ukielea gizani bila mabango na nyaya kuingilia. Muuza duka anayehesabu chenji kwa mwanga wa simu aliyoibana shingoni, hakuna studio itakayokupa mwanga wa namna hiyo. Panda mpaka ISO 6400, ushuke 1/30, ujiegemeze.

Mambo ya kujilinda

Kamera yangu naivalisha nailoni ngumu inayofunika magodoro mapya. Ni angavu, nene, na wauza magodoro huitupa. Kata kipande, kata tundu la lenzi, kaza kwa mpira wa kufungia noti nyuma ya kifuniko cha jua cha lenzi. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na hata hivyo ilikuwa ikipasuka. Kitambaa cha kupangusia kiwe cha pamba, kikavu, ndani ya mfuko wa shati; beba viwili.

Mwamvuli ashike mtu mwingine. Mimi natoka na mdogo wangu wa kiume. Anashika mwamvuli, na muhimu zaidi anatazama nyuma yangu wakati mimi nimeweka jicho kwenye kamera. Mitaro mingine haina mifuniko na maji yakijaa huwezi kuiona, kwa hiyo usirudi kinyumenyume hata hatua moja bila kugeuka.

Radi ni jambo la kuacha kazi. Ukiona mmweko, hesabu: ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, ingia ndani ya jengo na ukae nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Usijikinge chini ya mti, na usisimame ufukweni Raskazone ukiwa na stendi ya chuma mkononi.

Bandarini, vituo vya polisi na kambini usielekeze kamera bila ruhusa. Kwa watu, salamu kwanza. Mama aliyefunika mtoto kwa kanga anakimbilia varandani hakutoka nyumbani kupigwa picha. Akikataa kwa mkono au kwa uso, shusha kamera, umwambie samahani dada. Akikubali, chukua namba yake umtumie picha, na umtumie kweli.

Ukirudi nyumbani

Usiiingize kamera moja kwa moja kwenye chumba chenye kiyoyozi, wala usiitoe humo ukaipeleka nje ghafla. Lenzi ya baridi ikikutana na joto la pwani inapata umande nje na ndani. Iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ilingane na hewa ya mahali. Kama ulikuwa karibu na bahari, pangusa mwili wa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi ikikauka hula skrubu na viungio, kisha pangusa tena kwa kikavu. Toa betri na kadi, acha milango yake wazi mbele ya feni.

Adui mkubwa wa lenzi hapa kwetu ni fangasi, wale nyuzinyuzi wanaoota ndani ya kioo. Wanapenda giza na unyevu. Begi la kamera lisiwe ghala la lenzi. Weka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na kila baada ya muda zitoe lenzi zipate mwanga wa mchana. Simu iliyolowa usiichomeke chaji mpaka tundu lake likauke kabisa, na usiifukie kwenye mchele: vumbi la mchele linaingia kwenye tundu hilohilo. Isimamishe tundu likiwa chini, feni ikipuliza, ukalale, picha utazichagua kesho.